Chumba cha Bi Thuwayba Kilichokataa Kupoa

Kabla hujashika bisibisi, kaa kitako mbele ya mashine uisikilize. Kama mwenye nyumba amekuletea kahawa, inywe yote. Yeye ataona unapumzika, na wewe utakuwa uko kazini. Friji nzima ina mngurumo mmoja mtulivu, hunyamaza, halafu huanza tena. Inayogonga, inayokwaruza, inayowaka na kuzima bila ya kushika pumzi, kila moja inakueleza maradhi yake. Nalitanguliza hili kwa sababu nililijua tangu ujana, na mara nyingi sikulifuata.

Mimi naitwa Nasor. Nimezaliwa Unguja, nikasoma skuli mpaka sekondari, nikaja Oman kijana wa ndevu za kwanza. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya baridi: friji, friza, na hivi viyoyozi ambavyo sisi huku tunaviita eisi. Duka langu liko Ibra. Siku hizi magoti yangu hayataki ngazi, na fundi wa eisi asiyepanda ngazi ni mtu wa kukaa kwenye kiti na kukosoa wengine. Ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Aliyenikalisha niandike ni mjukuu wangu Salma, ambaye kazi hii ameisomea chuoni.

"Babu," aliniambia, "wenzangu wanajua hesabu za gesi kuliko wewe. Lakini hawajaungua vidole. Waandikie."

"Kwa Kiarabu?"

"Kwa Kiswahili. Wakikwama watawauliza bibi zao. Bibi zao watafurahi."

Basi haya ni yenu, wajukuu wa watu wa Unguja na Pemba mnaoingia katika kazi hii. Mkikwama, waulizeni bibi zenu.

Kwanza mjue tulikotoka. Nilipofika Ibra, umeme ulikuwa mgeni anayekuja na kuondoka. Maji ya kunywa yalipozwa kwenye jahla, mtungi wa udongo unaoning'inizwa kivulini. Mtungi hutoka jasho, upepo ukapiga lile jasho, na maji ndani yakapoa. Wengi wenu mmeuona kwenye mabaraza ya mahoteli, umewekwa pambo. Mimi nimeunywa, na nawaambieni hakuna friji iliyowahi kunipa maji matamu kama yale. Samaki alitufikia amekauka kama ubao. Nyama ikichinjwa, ililiwa siku ile na majirani, kwa sababu kesho yake haikuwa na mahala pa kukaa.

Msimu wa joto watu walilala juu ya paa. Mji mzima ulikuwa juu, chini ya nyota, na kila mtu alijua kikohozi cha jirani yake. Mtu akichekeshwa paa la tatu kutoka kwenu, na ninyi mtacheka, bila ya kujua kilichosemwa.

Mimi ni mmoja wa waliowateremsha watu paani. Niliwatundikia eisi vyumbani, wakashuka, wakafunga madirisha, na vicheko vile vikaisha. Sisemi kwamba nilifanya ubaya. Nimeona watoto wachanga walioacha kulia kwa upele wa joto, na wazee waliovuka mwezi wa saba ambao zamani wasingevuka. Lakini kila kitu kizuri unachokiingiza kwenye nyumba ya watu kinasogeza kingine, na fundi mzuri hugeuka kutazama ni kipi kilichosogezwa. Mimi sikuwa nikigeuka. Nilifunga sanduku la vyombo nikaenda nyumba ya pili.

Watu nao hawaitumii mashine kama ilivyoandikwa kwenye kijitabu chake. Hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa Ashkhara, mji wa wavuvi, safari ndefu kutoka Sur. Aliniita akasema friji niliyomuuzia mbovu. Nikaenda, nikafungua. Katika rafu ya katikati nilikuta kanzu yake ya Ijumaa imekunjwa vizuri, na kofia juu yake. Chini yake alilala nguru mzima, mkia umepinda kwa kukosa nafasi.

"Inusie," mzee akanipa kanzu. "Inanuka nini?"

"Samaki."

"Basi. Friji mbovu."

"Mzee, na kanzu humu unaiweka ya nini?"

"Wewe si uliniambia friji inahifadhi kitu kisiharibike?"

"Chakula, mzee wangu."

"Hukusema chakula. Ulisema kitu." Akaikunjua kanzu yake, akaitazama kwa mapenzi. "Yakhe, Ijumaa mimi naingia msikitini na ubaridi wangu mwilini. Wewe unaingia na nini?"

Nikamtafutia bati lenye kifuniko la kuwekea samaki, kanzu nikaipandisha rafu ya juu, na tukaagana marafiki. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu, tukacheka mpaka machozi. Nilikichukua kile kisa kwa kicheko chake tu. Somo lake nikaliacha Ashkhara, na baadae mtaona lilinigharimu nini.

Mwalimu wangu alikuwa Dad Karim, Mbaluchi wa Sur aliyejifunza kazi kwenye vyumba vya baridi vya meli. Sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na mitambo, kwa hivyo alibandika ncha ya bisibisi ndefu kwenye kompresa, ule moyo wa mashine unaosukuma gesi, mpini wa bisibisi akaung'ata kwa meno, akafumba macho. Alisikia kwa taya. Nilidhani anafanya vichekesho mpaka nilipojaribu mwenyewe. Jaribuni. Mtasikia vyuma vinavyozunguka ndani kama mtu anayezungumza chumba cha pili.

Dad Karim hakuruhusu mtu kuongeza gesi ovyo ovyo. Mwanafunzi akisema, "Gesi imepungua," yeye aliuliza, "Imekwenda wapi?" Mwanafunzi huinua mabega. "Gesi haina miguu. Imekwenda wapi?" Na hapo utachukua sabuni na maji, upake povu kila kiungo cha bomba, utafute panapotoa vipovu. Ukilipata tundu, unalichomelea, ndipo unaongeza. Usipolipata, gesi haijatoka, na maradhi yako mahala pengine. Alituuliza swali lile mpaka tukawa tunamwigiza nyuma yake, pamoja na lile taya.

Zikaja zile nyakati ambazo kila nyumba ilitaka eisi na mafundi tulikuwa wachache. Nikafungua duka langu Ibra, kazi ikawa nyingi, na swali la Dad Karim nikaliona linachelewesha. Chupa ya gesi ilikuwa ndani ya gari. Ukiunganisha na kuongeza kidogo, chumba kinapoa, mwenyewe anakuombea dua, unaondoka. Anapokuita tena baada ya miezi, unasema mashine imezeeka.

Sasa niwaeleze jambo ambalo vijana wa leo hamlioni kuwa jambo. Kazi yetu iko ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ni kwa wenyewe. Fundi ukifika ulipiga hodi, ukakohoa, ukasubiri nje. Ndani ungesikia nyayo, milango, sauti za chini chini. Kina mama wanajitenga upande mwingine, vitu vinaondolewa. Halafu mwanamme wa nyumba, au mtoto, anakuongoza chumbani. Chumba kimefagiwa, kitanda kimefunikwa, hakuna nguo, hakuna chanuo, kama hakijawahi kulaliwa na mtu. Unafanya kazi yako ukitazama juu kwenye mashine na chini kwenye vidole vyako, basi.

Maelezo ya maradhi yalikuja kutoka nyuma ya pazia. Zamani mama mmoja wa Nizwa alinitumia salamu kwamba friji yake inalia kama mbuzi. Nilikuwa bado mwanafunzi, nikacheka. Dad Karim hakucheka.

"Muulize, mbuzi analia au anakoroma?"

Nikauliza, nimesimama uso ukutani. Sauti ikajibu bila ya kusita, "Anakoroma. Na akimaliza anapiga kwato."

Dad Karim hakufungua hata kifuniko. Alilala chini, akaingiza spana, akakaza bolti zinazoshika kompresa. Mbuzi akanyamaza. Mwenye kukaa na mashine usiku na mchana anaijua kuliko wewe uliyekuja sasa hivi. Muulize, hata kama lugha yake ni ya mbuzi.

Kuna mtu mwingine aliyenifungua macho, naye alikuwa mgeni. Ilikuwa Mintirib, pale mchanga wa jangwa unapoanza, kwenye kambi moja ya watalii. Nilikuwa nimelala chini ya friza ya jikoni, mara nikaona miguu mirefu myekundu imesimama. Mzee wa Kimarekani, pua imebabuka kwa jua. Akaniuliza kama anaweza kukaa atazame. Kiingereza changu ni cha skuli, lakini cha kuambiana habari kinatosha.

"Babu yangu alikuwa na kazi yako," alisema, "kabla ya mashine."

Babu yake alikuwa muuza barafu. Kwao wakati wa baridi ziwa huganda mpaka farasi akapita juu yake. Watu waliikata ile barafu kwa misumeno, wakaihifadhi kwenye mabanda ndani ya unga wa mbao, na ulipokuja msimu wa joto wakaitembeza nyumba kwa nyumba kwa gari la farasi. Watoto walikimbia nyuma wakiokota vipande. Babu yake alibeba pande la barafu begani juu ya ngozi, akaingia kwa mlango wa uani, akapita jikoni, akaliweka mwenyewe ndani ya kabati la mbao la kuhifadhia chakula.

"Alipita jikoni?" nikamuuliza. "Na wanawake mle ndani?"

"Wamo. Wanakanda mkate, wanagombana, wananyonyesha. Hawakuwa na habari naye. Alikuwa kama paka wa nyumba."

Alinihadithia ilivyokuja friji ya kwanza mtaani kwao, watu wakaenda kuitazama taa yake, na watoto wakafungua na kufunga mlango mpaka wakapigwa. Babu yake akauza farasi, akaenda kuajiriwa kwenye kiwanda kinachotengeneza friji hizo hizo. Baadae zikaja eisi. Zamani jioni watu wa kwao walikaa kwenye baraza mbele ya nyumba na kusalimiana na wapita njia. Baridi ilipoingia ndani, na watu wakaingia ndani, na nyumba mpya zikajengwa bila ya baraza. Mama yake alikuwa akijua majina ya mtaa mzima. Yeye hamjui jirani wa mlango wa pili.

"Hayo yote," akasema, "yametuchukua karibu miaka mia moja."

Nikamwambia, "Sisi yametuchukua kutoka harusi yangu mpaka harusi ya mwanangu."

Tukacheka sana, mpishi akachungulia kuona kuna nini. Nilipokuwa nikifunga vyombo nikamuuliza kama babu yake aliwahi kuijutia ile kazi ya barafu.

"Barafu? La, barafu ilimvunja mgongo," alisema. "Aliyakumbuka majiko ya watu. Alikuwa akijua nyumba ipi imepata mtoto na mjane gani hajala. Kiwandani alijua parafujo moja tu."

Njia nzima ya kurudi Ibra nililifikiria neno lile. Nimeingia nyumba zisizo na idadi katika mkoa wetu huu wa Sharqiyah, na sikuijua hata moja. Nilivijua vyumba vilivyofagiwa.

Sasa nakuja kwa Bi Thuwayba.

Bi Thuwayba anakaa Samad, kwenye nyumba ya wazee wake yenye mitende nyuma na mfereji wa falaj unaopita ukutani. Alizaliwa Unguja kama mimi, akaolewa huku, akafiwa na mume. Nimemhudumia miaka mingi sana na nilikuwa naijua sauti yake tu: sauti nene, ya mtu anayecheka kabla ya kumaliza kusema. Umri wake ulikuwa umekwisha kumruhusu kukaa na kuzungumza na mimi, lakini mazoea ni mazoea. Yeye nyuma ya pazia, mimi barazani.

Chumba chake cha kulala kilikataa kupoa. Nikija nafagia vumbi, naosha chujio, naongeza gesi, chumba kinakuwa baridi. Inapita miezi, eisi inaanza kudondosha maji, inaganda barafu ndani, upepo unafifia, mwisho kompresa inakufa. Nikambadilishia mashine. Ile mpya nayo ikafanya vile vile. Niliulaumu umeme wa Samad, nikalilaumu vumbi, nikamlaumu aliyeitengeneza. Na siku moja, Mungu anisamehe, nilimwambia mtoto wake mkubwa, Said, "Labda mama anasahau mlango wazi."

Nilisema kwa kutafuta la kusema. Lakini Said anafanya kazi Maskati, mama yake yuko peke yake na msaidizi, na msimu wa joto uliopita mama alianguka kwa joto chumbani akakutwa kalala sakafuni. Mtoto akishaambiwa na fundi kwamba mama yake anasahau milango, atafikiri nini? Alifikiri kile ambacho na wewe ungefikiri. Mwaka huu, joto lilipoanza na eisi ikaanza kudondosha, alinipigia simu.

"Ami Nasor, nakuheshimu. Njoo uitazame mara ya mwisho. Ikishindikana namchukua mama Maskati, na nyumba naifunga. Sanduku lake la nguo nimeshalitoa."

Magoti yangu hayakuweza. Nikamwambia Salma aendeshe gari, abebe vyombo, na chupa ya gesi iwe tayari. Nilikusudia kukaa chini ya ngazi na kumwelekeza.

Tulipofika nikapiga hodi, nikakohoa.

"Shikamoo, Bi Thuwayba."

"Marahaba, Nasor. Subiri tuondoe ondoe vitu." Kisha pazia likatikisika kidogo. "Na huyo mwenzio ni nani?"

"Mjukuu wangu Salma. Leo yeye ndiye fundi."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Sasa ya nini kuhangaika? Wee mwana, pita ndani. Viatu vua hapo. Nasor, nenda sebuleni ukakae na Said."

Salma akapita. Mlango ukarudishwa, na mimi, fundi mwenye duka, nikabaki nje ya mlango ambao mjukuu wangu ameuvuka kwa hatua moja.

Said alikuwa katika sebule ya wanaume, simu mkononi, hana raha. Lile sanduku lilikuwa pembeni mwa ukuta, limefungwa. Kutoka ndani tukamsikia mama yake.

"Maskati nikafanye nini? Nikae ghorofani nitazame magari? Hapa jioni wenzangu wanakuja, tunakunywa kahawa, maji ya falaj nayasikia."

Said akanitazama. "Unamsikia? Mimi sitaki kumtoa, Ami. Nataka nimkute hai."

Dirisha la sebule linatazamana na dirisha la chumba, na yote mawili yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikapaza sauti.

"Salma! Upepo vipi?"

"Mdogo sana, Babu. Kama mtu anapuliza chai."

"Gesi?"

"Geji inaonesha chini."

"Basi ongeza gesi."

"Siongezi."

"Salma!"

"Babu, gesi imekwenda wapi? Nimepaka povu kila mahala. Hakuna tundu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza."

Kweli nilimfundisha. Nilimfundisha swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliacha Sur. Said akanitazama, nikajifanya nasafisha miwani.

"Halafu Babu, kuna moshi."

Nikasimama. "Zima! Inaungua wapi?"

"La, la, si mashine. Kuna chetezo. Kiko juu ya stuli chini ya eisi hasa, udi unafuka. Na moshi wote unapanda unaingia ndani ya mashine, kama umeitwa."

Bi Thuwayba akajibu yeye, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi.

"Ndiyo mahala pake hapo. Zamani nilikuwa natandaza nguo juu ya tenga nafukiza moja moja, mgongo unaniuma. Mashine hii inavuta moshi, inautawanya chumba kizima, nguo zote, mashuka yote. Imenisaidia sana."

"Tangu lini, Bi Thuwayba?" niliuliza.

"Tangu ulipoitundika."

"Na mbona mimi sijakiona chetezo hata siku moja?"

"Ungekionaje? Ukija wewe tunaondoa. Chetezo cha chumbani kwangu, Nasor, wewe ukione una nini?"

Ndani wakaangua kicheko, Bi Thuwayba, msaidizi wake na Salma. Nami nikakaa kitako pole pole, kwa sababu miaka yote ilinijia kwa pamoja. Udi wa Bi Thuwayba ni wa kupika mwenyewe, kama walivyopika mama zetu, una sukari na marashi ndani. Moshi wake una mafuta na unanata. Chujio haliuzuii. Unapita, unakaa kwenye koili, yale mabomba ya shaba yenye mapezi membamba ya bati, unayaziba kidogo kidogo. Upepo ukikosa pa kupita, koili inaganda, geji inashuka, na fundi mvivu anasoma pale kwamba gesi imepungua. Anaongeza. Gesi inazidi, kompresa inasongwa, inakufa. Mashine za Bi Thuwayba ziliuliwa na chupa yangu.

Na harufu ya udi nilikuwa naisikia kila nilipoliosha chujio. Ile rangi ya kahawia inayong'aa kwenye koili nilikuwa naiona. Nilidhani ndiyo rangi yake. Mzee wa Ashkhara alinionesha kanzu ndani ya friji, na bado sikuwahi kumuuliza Bi Thuwayba, "Wewe mashine hii unaitumia kwa kazi gani?"

Nikamgeukia Said. "Mwanangu, mama yako hakuacha mlango wazi. Hakusahau kitu. Nilikwambia nisilolijua."

Aliiweka simu chini. Halafu akasema, "Ami, mimi mwaka mzima namkumbusha mama mlango kwa simu. Kila siku."

"Najua sasa."

"Ananijibu, 'Nimefunga, mwanangu.' Kila siku."

Huko chumbani kazi ikaendelea. Salma alikuwa ameivua ile mashine kifuniko, ameifunika kwa mfuko wa nailoni usiloe ukuta, ameyayeyusha yale mafuta kwa maji moto na sabuni na anayasukuma nje kwa bomba dogo la kupulizia. Na gurudumu la feni pia, msilisahau gurudumu, linashika uchafu kila bawa. Maji yalitoka meusi kama kahawa ya chini ya birika, na nyumba nzima ikanukia harusi. Alipoiwasha, sikuhitaji kuambiwa. Kutoka sebuleni nilisikia ule mngurumo mmoja mtulivu.

Ikabaki shauri la chetezo. Salma akamwambia akihamishe. Kicheko kikakatika.

"Basi nichukueni Maskati," Bi Thuwayba akasema. "Kama udi sina ruhusa, hapa na Maskati ni mamoja."

Mimi ningebishana naye. Salma alimuuliza, "Bibi, wewe unataka udi ufike wapi?"

"Kabatini, kitandani, na pale nilipotundika baibui."

"Na nikikuletea feni ndogo ya mezani? Eisi unaizima kidogo, feni inaupuliza moshi unakotaka, kisha unafungua dirisha, unaiwasha eisi."

"Feni itaziba nayo."

"Itaziba. Lakini feni utaiosha mwenyewe kwa kitambaa. Eisi mimi nitakuja kuiosha kabla haijalalamika."

Sauti nene ikasema, "Feni iwe ya kijani."

Said hakulirudisha sanduku ndani siku ile. Alisema mchana mmoja wa baridi si msimu mzima, na hapo alikuwa na haki. Angengoja mwezi wa saba. Tukangoja sote.

Mwezi wa saba ulikuja kama tanuri. Salma akapanga siku ya kwenda kuosha, nami nikaenda naye, nikisema nataka kumsalimia Said aliyekuja mapumziko. Ukweli nilikuwa na hofu. Nilipiga hodi, Salma akapita ndani, mimi sebuleni. Pembeni mwa ukuta hapakuwa na sanduku. Said akaniletea kahawa na tende za mitende ya nyuma, rutabu mpya, akasema usiku mama yake anaomba blanketi.

Nyumba za watu zimefunga madirisha, wajukuu zangu, na sijui kama zitayafungua tena. Lakini katika ninyi kuna wasichana wengi sasa, na milango niliyosimama nje yake umri wangu wote ninyi mnaipita mkiwa na sanduku la vyombo mkononi. Mkifika ndani msitazame mashine peke yake. Tazameni na chini yake.

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili niliposikia ile sauti nene ikiita kutoka chumbani.

"Fundi! Fundi we!"

Mazoea ya maisha. Nikaweka kikombe, nikakohoa, nikajibu, "Naam, Bi Thuwayba!"

"Si wewe, Nasor," akasema. "Namwita fundi. Wewe kunywa kahawa."